Dunia ya mzee isiishie kwenye ngazi

Mji Mkongwe wa Zanzibar una hekta 96 tu, haufiki hata kilomita moja ya mraba. Mtu mwenye miguu mizima akiingia kwa upande wa Darajani anaweza kutokea Forodhani, ukingoni mwa bahari, kwa robo saa hivi, iwapo hakupotea vichochoroni wala hakusimamishwa na watu wa kusalimiana nao.

Hata hivyo, ndani ya mji huu mdogo wamo watu ambao safari hiyo ya robo saa imewashinda kwa miaka. Hawako hospitali, na wengi wao hawana ugonjwa wenye jina kubwa. Wako juu, nyuma ya madirisha ya mbao. Wanasikia adhana, wanasikia kengele za baiskeli na sauti ya muuza samaki, na wanajua nani anapita chini kwa kusikia kikohozi chake. Wameacha kushuka.

Ukimuuliza mmoja wao dunia ina ukubwa gani, atakutajia Muscat, Dubai, London na Toronto, kwa sababu huko ndiko waliko watoto na wajukuu. Ukimuuliza ni wapi alifika mara ya mwisho kwa miguu yake mwenyewe, atafikiri kwanza. Wengine hawakumbuki.

Kisiwa kilichozoea mbali

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi, na pale ilipo pana zaidi haizidi sana kilomita 39. Lakini kwa karne nyingi pepo mbili zilikifanya kisiwa hiki kuwa kikubwa. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi kuanzia mwezi Desemba, na kusi iliyarudisha makwao ilipoanza kuvuma karibu na mwezi Aprili. Aliyezaliwa Malindi, jirani na bandari, alikua akisikia lugha za watu wa mbali kabla hajatoka nje ya mtaa wake.

Wageni wanaotembezwa mjini siku hizi husimuliwa habari za wanawake wawili ambao dunia zao zilivuka bahari. Wa kwanza ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, nje kidogo ya mji. Mwaka 1866 alitoroka kwa meli ya Kiingereza. Akiwa Aden aliolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani waliyefahamiana Zanzibar, akaenda kuishi Hamburg kwa jina la Emily Ruete. Kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, naye akafariki hukohuko mwaka 1924.

Wa pili ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, kijiji kilichoko kusini-magharibi mwa kisiwa. Huyu hakuzaliwa kwenye jumba. Alikuwa akiuza vyungu kwa kuvitembeza, na husimuliwa kuwa ni katika kunadi vyungu hivyo ndipo watu walipoanza kuijua sauti yake. Mwaka 1928 sauti hiyo ilimfikisha Bombay kurekodi santuri za taarab.

Mmoja alikuwa binti wa mfalme, mwingine muuza vyungu. Safari zao hazikufanana hata kidogo, ila zote mbili zilianza kwa kuvuka kizingiti cha mlango. Hilo ndilo jambo dogo ambalo bibi na babu wengi wa mji huu hawaliwezi tena, na mara nyingi hakuna aliyeona siku waliyoacha kuliweza.

Nyumba iliyopimwa kwa boriti

Ili kuelewa kwa nini, itazame nyumba yenyewe. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wa mita tatu hivi. Kwa hiyo fundi aliweza kukirefusha chumba alivyotaka, lakini upana wake uliamuliwa na mti. Ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba na virefu, na aliyetaka nafasi zaidi alijenga kwenda juu.

Juu kunafikiwa kwa ngazi. Ngazi za nyumba hizi ni za mwinuko mkali, vipandio vyake ni virefu na havilingani, na nyingine zina giza hata saa sita mchana. Kijana huziteremka mbiombio huku akiongea na simu. Mwenye magoti yanayouma hushuka upande upande kama kaa, mkono mmoja ukutani.

Zamani, kukaa juu hakukumaanisha kukaa peke yako. Nyumba moja ilijaa ukoo mzima, na baadhi ya nyumba ziliunganishwa kwa vivuko vilivyopita juu ya kichochoro, mwanamke akaweza kumtembelea jirani bila kushuka barabarani. Leo nyumba nyingi zimegawanywa kwa wapangaji wasiojuana, kila mlango na kufuli lake. Nyingine zimekuwa hoteli. Mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kuta zake zina watu wa kuzipigania. Wazee walio ndani ya kuta hizo wanategemea zaidi familia zao.

“Bibi, wewe kaa tu”

Katika mtaa wa Kiponda yuko bibi mmoja mwenye umri wa miaka 76. Anaishi ghorofa ya pili pamoja na binti yake na wajukuu watatu. Hakuanguka, hakupata kiharusi, na shinikizo lake la damu linadhibitiwa kwa dawa. Dunia yake ilipungua kidogo kidogo.

Kwanza aliacha kwenda Makunduchi. Kila mwezi Julai alikuwa akienda kwa ndugu zake wakati wa sherehe za Mwaka Kogwa, lakini kupanda daladala kukaanza kumuumiza magoti, na binti yake akamwambia, “Mama, mwaka huu pumzika.” Mwaka uliofuata hakuna aliyemuuliza.

Kisha ikaja zamu ya soko la Darajani. Mjukuu wa kike alikuwa akirudi shule kwa njia hiyo, hivyo ilionekana ni akili zaidi anunue yeye. Baadaye bibi aliacha harusi na misiba. Sababu yake hakuisema kwa mtu: alikuwa akibanwa na mkojo mara kwa mara, na hakujua kama huko aendako atapata choo cha karibu. Halafu aliacha kumtembelea shoga yake wa nyumba ya tatu, kwa kuwa shoga naye anakaa juu. Mwisho aliacha kushuka kukaa barazani jioni.

Kila alipoacha jambo moja, palikuwa na mtu aliyemwambia kwa mapenzi, “Bibi, wewe kaa tu, sisi tutakwenda.”

“Nikae mpaka lini?” aliwahi kumuuliza mjukuu wake mkubwa.

Kijana alicheka, akadhani ni utani. Kazi yake ni kutembeza wageni. Kila siku hupita chini ya dirisha la nyumba yao akiwa na kundi la watalii, akiwaeleza habari za Salme na Siti, na bibi yake humsikia kutoka juu. Kwa muda wa karibu miaka miwili, yule aliyemlea katika vichochoro hivyo hakuwa amekanyaga hata kimoja.

Jinsi madaktari wanavyoupima ulimwengu wa mtu

Utabibu wa wazee una kipimo cha jambo hili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichopo Birmingham, Marekani, walitengeneza orodha ya maswali inayompima mtu kwa umbali anaofika katika maisha yake ya kawaida, na mwaka 2003 matokeo yake yakachapishwa katika jarida la utabibu wa wazee. Maswali hayahitaji mashine wala sindano. Mtu huulizwa kuhusu wiki nne zilizopita: je, ulitoka chumba unacholala ukafika vyumba vingine? Ulifika nje, kibarazani au uani? Ulifika mtaani? Ulivuka mtaa ukafika sehemu nyingine za mji? Ulitoka nje ya mji?

Kwa kila duara anaulizwa pia alifika mara ngapi, na kama alihitaji msaada wa mtu au wa kifaa kama mkongojo. Alama hujumlishwa, na ya juu kabisa ni 120. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa wazee ambao duara lao limefinyika wako katika hatari zaidi ya kudhoofika na hata ya kufariki mapema kuliko wenzao wanaoendelea kufika mbali.

Maswali hayo yanaingia vizuri Mji Mkongwe. Chumba, kisha ukumbi. Ngazi, kisha baraza. Baraza, kisha mtaa. Mtaa, kisha Ng'ambo. Jina hilo lenyewe linafikirisha. Kwa mtu wa pwani, ng'ambo ni kule mbali, upande wa pili wa maji. Kwa mtu wa Mji Mkongwe, Ng'ambo ni ile sehemu ya mji iliyo upande wa pili wa barabara ya Darajani, palipokuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Mwenye afya huvuka kwa hatua chache, na asiyeshuka ngazi huitazama kama Ulaya.

Kinachotokea mwilini

Kukaa tu kuna gharama. Misuli ya mapaja, ambayo ndiyo inayomnyanyua mtu kutoka kitini na kumshikilia akiteremka, hupungua isipotumika, na kwa mzee hupungua haraka na kurudi polepole. Mwili ukikosa mazoezi ya kujisawazisha, hatari ya kuanguka huongezeka. Mwenye hofu ya kuanguka hupunguza kutembea, miguu ikazidi kudhoofu, na hofu ikapata sababu ya kuwa kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka duniani kutokana na kuanguka, na walio wengi kati yao ni wenye umri zaidi ya miaka 60.

Upweke nao umeingia katika hesabu za afya. Ripoti ya WHO ya Juni 2025 ilieleza kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na ikauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Mzee aliyezungukwa na wajukuu anaweza kuwa mmoja wao, kwa sababu watu wa nyumbani huwa na kazi zao na simu zao, na wa rika lake, wanaokumbuka anayoyakumbuka, wako kwenye ngazi nyingine.

Wengi husema, “Bibi anaongea na watoto wake wa Muscat kila siku kwa video.” Ni jambo jema. Uhusiano wa Zanzibar na Oman ni wa damu na wa miaka mingi, na simu imeurudisha ukaribu ambao zamani ulisubiri majahazi. Lakini simu haitikisi goti. Mtu anaweza kuijua hali ya hewa ya Muscat na asijue kuwa duka la mkabala limebadilika.

Somo la baraza

Mji huu tayari una dawa yake, nayo imejengwa kwa mawe. Ni baraza, kile kiti kirefu kilichoshikana na ukuta nje ya mlango. Baraza humpumzisha mpita njia na huwa njia ya juu wakati wa mvua kichochoro kinapojaa maji. Kwa wazee wa kiume ndiyo klabu, gazeti na bunge.

Pale Soko Muhogo, mahali panapoitwa Jaws Corner, wazee na vijana hukutana kwa kahawa chungu, kashata, bao na dhumna, na siasa hujadiliwa mpaka kahawa imalizike. Hapo pamebandikwa simu ya zamani isiyofanya kazi, yenye maandishi yanayotangaza kuwa kupiga nchi za nje ni bure. Wageni huipiga picha na kucheka. Wanaokaa hapo hawaihitaji, maana habari za dunia huwafikia zenyewe.

Mzee anayeshuka kila jioni kwenda barazani amevuka ngazi mara mbili, ametembea hatua kadhaa juani, amesalimiwa, amebishana, amecheka. Asipoonekana siku mbili, wenzake watatuma mtoto kwenda kumwangalia. Hakuna zahanati inayotoa huduma hiyo.

Tatizo ni kuwa baraza hizo zimekuwa za wanaume zaidi. Mwanamke mzee alikuwa na njia zake nyingine: maulidi, kusuka ukili na mashoga, kumtazama mzazi, kwenda kuhani msiba. Zote zinataka kutoka. Akishindwa ngazi, hupoteza hizo zote kwa mpigo.

Kamba ya Malindi

Kwa bibi wa Kiponda mabadiliko yalianza siku mhudumu wa afya alipomuuliza mjukuu swali rahisi: “Bibi yako alitoka nje lini?” Kijana hakuwa na jibu. Alirudi nyumbani, akazitazama ngazi ambazo yeye huzishuka bila kuzifikiria, akazihesabu. Zilikuwa 19.

Alinunua kamba nene ya kuvulia huko Malindi, akamwita fundi waifunge ukutani kwa pete za chuma, kuanzia juu mpaka chini. Wakaweka taa. Pale ngazi zinapokata kona wakaweka kigoda. Kandambili za bibi zilizolika soli zikatupwa, akanunuliwa viatu vyenye mkanda wa nyuma. Binti yake akampeleka kituo cha afya kwa ajili ya tatizo la mkojo. Ilidhihirika kuwa ni maambukizi yanayotibika.

Siku ya kwanza bibi aliishia kwenye kigoda, akapumzika, akarudi juu. Wiki nzima alifanya hivyo. Wiki ya tatu alifika barazani, akakaa, akavuta pumzi na kutazama mbele. Duka la viungo la mkabala, alilolizoea tangu ujana, lilikuwa limekuwa duka la picha na vinyago vya watalii. Kwa miaka miwili alikuwa akisikia mlango wake ukifunguliwa na kufungwa, akidhani bado wanauza iliki.

“Kumbe!” alisema, na jioni ile hakuwa na neno jingine.

Makunduchi hajafika. Darajani amefika mara mbili, akiwa ameshikwa mkono, na mara zote alibishana na muuza ndizi juu ya bei.

Familia ifanye nini

Yaliyofanyika Kiponda hayakuhitaji pesa nyingi. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kutoa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, kwa kuanzia Sh20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Fedha hizo zina kazi nyingi nyumbani, lakini si vibaya sehemu ndogo ikatumika kumtoa mwenyewe nje: viatu, taa, nauli.

Mengine ni ya kuangalia tu. Je, anaona vizuri? Mtoto wa jicho huwafungia wazee wengi ndani, na upasuaji wake huchukua muda mfupi. Je, anasikia? Asiyesikia huacha kukaa na watu kwa kuona haya. Je, kuna dawa inayomtia kizunguzungu? Je, anajikojolea kidogo na anaficha? Swali hilo liulizwe faragha, na aulizwe na mtu anayemheshimu. Mwenye maumivu ya kifua, pumzi kukatika, au aliyeanguka hivi karibuni, aonwe na daktari kabla ya kuanzishiwa safari za ngazi.

WHO inashauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kujisawazisha siku tatu. Ikiwa nambari hiyo inatisha, ianzwe na duara moja. Anayeishia chumbani alenge ukumbini. Anayefika ukumbini alenge mlangoni.

Kisha kuna lile neno la “kaa tu”. Katika desturi zetu kumpumzisha mzee ni heshima, na atakayemwacha mama yake abebe kikapu ilhali vijana wapo atasemwa. Lakini kikapu kinaweza kubebwa na mjukuu na bibi akaenda naye sokoni mikono mitupu. Aende akachague nyanya. Aende akabishane. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, na kuona kunataka mtu afike.

Wiki hii, katika nyumba yenye mzee, iwe ya ghorofa Mji Mkongwe au ya chini Temeke, muulizeni mahali alipofika mara ya mwisho na mahali anapopatamani. Akishataja, pangeni siku. Mkianza kushuka, anayemsaidia atangulie ngazi moja chini yake, asimvute, na asimharakishe.